Kusoma Sifa za Kiufundi za Gari la Fahari la Zamani: Mfano wa Mercedes-Benz SL ya 1971 hadi 1989

Sehemu kubwa ya kijitabu hiki inahusu magari ambayo mlaji hununua ili yamfikishe kazini na kumrudisha nyumbani. Sehemu hii inahusu gari ambalo mtu hulinunua kwa sababu amelipenda. Gari la fahari la zamani, lenye viti viwili na paa la kukunjwa, halitafutwi kwa ajili ya mahitaji ya kila siku, na kwa sababu hiyo mnunuzi wake huwa mwepesi wa kupotoshwa: moyo huwa umekwisha kuamua kabla macho hayajasoma. Bei yake si ndogo, gari lenyewe huwa mbali, na anachopewa mnunuzi ni picha kadhaa pamoja na karatasi moja yenye safu za namba. Tunakusudia kueleza namba hizo zina maana gani na, la muhimu zaidi, zinaeleza habari za gari lipi.

Tumechagua mfano mmoja ili maelezo yasielee hewani. Ni gari la Mercedes-Benz lijulikanalo kwa herufi SL, la kizazi ambacho kiwandani kilipewa namba 107. Lilitangazwa mwezi Aprili 1971 na kuendelea kutengenezwa huko Sindelfingen, Ujerumani, hadi Agosti 1989. Katika miaka hiyo 18 yalitoka magari 237,287. Idadi hiyo ni kubwa mno kwa gari la aina hii, na ndiyo sababu mpaka leo yanapatikana mengi sokoni, mazuri na mabovu. Sehemu kubwa kabisa iliuzwa Marekani, na jambo hilo, kama itakavyoonekana, ndilo chanzo cha nusu ya utata unaomkabili mnunuzi wa leo.

Kabla ya namba yoyote ya kiufundi, kuna namba ya kisheria. Mnunuzi aliyeko Afrika Mashariki na aulize kwanza iwapo gari la umri huo linaruhusiwa kuingia nchini mwake, na kwa gharama gani. Kenya ina kikomo cha miaka 8 kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa kutoka nje. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa sababu ya umri wa gari. Viwango hubadilika, kwa hiyo ulizia katika mamlaka ya mapato kabla ya kutuma hata senti moja, wala usitegemee maneno ya muuzaji ambaye yuko bara jingine. Kwa Waswahili wanaoishi Ulaya au Marekani jambo hili ni jepesi zaidi, lakini yote yanayofuata yanawahusu vilevile.

Jina la nyuma ya gari

Kwenye mfuniko wa buti, upande mmoja, pameandikwa namba tatu na herufi mbili: 280 SL, 300 SL, 350 SL, 380 SL, 420 SL, 450 SL, 500 SL au 560 SL. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba namba hiyo inaonyesha ukubwa wa injini. Ukigawa kwa mia unapata lita: 280 ni lita 2.8, 500 ni lita 5. Kwa jumla kanuni hiyo ni ya kweli. Injini ya 280 ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,746 na silinda 6 zilizopangwa katika mstari mmoja. Ya 300 ina 2,962, nayo ni ya silinda 6. Nyingine zote zina silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V: 350 ina sentimita za ujazo 3,499, 420 ina 4,196, 450 ina 4,520, 500 ina 4,973 na 560 ina 5,547. Injini ya 380 ilianza 1980 ikiwa na 3,818, kisha mwaka uliofuata ikawa 3,839.

Hata hivyo, kanuni hiyo ilivunjwa na kiwanda chenyewe tangu mwanzo. Magari ya kwanza yaliyopelekwa Marekani yaliandikwa 350 SL ilhali ndani yake mlikuwa na injini ya lita 4.5. Hakuna aliyekusudia kumdanganya mtu. Masharti ya moshi ya Marekani yalikuwa yanainyonga injini, na kiwanda kikaona njia rahisi ni kuongeza ukubwa wake ili kufidia nguvu iliyopotea. Jina la 450 SL lilikuja kuwekwa kwenye magari hayo baadaye. Kwa hiyo mtu anayesoma “350 SL, Marekani, 1972” na kuchukua karatasi ya sifa za 350 SL ya Ulaya atakuwa anasoma habari za gari jingine kabisa.

Tena, maandishi ya nyuma ya gari ni vipande vya chuma vinavyonunuliwa dukani na kubandikwa. Inawezekana 380 SL ikavikwa maandishi ya 500 SL kwa dakika chache, na bei ya magari hayo mawili hailingani. Magari ya 500 SL yalikuwa 11,812 tu katika uhai wote wa kizazi hiki, ilhali ya 560 SL, yaliyotengenezwa kwa muda mfupi zaidi, yalifika 49,347. Uchache huo una thamani yake sokoni, na penye thamani hukosi mwigaji.

Farasi wa nchi mbalimbali

Hakuna safu inayosomwa kwa hamu kama safu ya nguvu ya injini, na hakuna inayosomwa vibaya zaidi. Kuna mambo matatu ya kuyatofautisha.

La kwanza ni dogo. “Nguvu za farasi” si kipimo kimoja. Farasi wa kipimo cha Kijerumani ni wati 735.5, farasi wa kipimo cha Kiingereza, kinachotumika pia Marekani, ni wati 745.7. Tofauti haifiki hata farasi mmoja na nusu kwa kila mia. Mlaji anayetaka kulinganisha magari mawili bila kubabaishwa na aombe namba kwa kilowati, kwa maana kilowati ni ileile kila mahali.

La pili ni namna ya kupima. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, watengenezaji wa Marekani walizoea kutangaza nguvu ya injini iliyopimwa ikiwa imevuliwa mizigo yake, bila vifaa ambavyo injini huvizungusha ndani ya gari. Kuanzia magari ya mwaka 1972 wakaanza kupima injini ikiwa na vifaa vyake vyote, kama Wajerumani walivyokuwa wakifanya. Ndiyo maana karatasi ya gari la Marekani la 1971 haiwezi kuwekwa kando ya karatasi ya 1973 ya gari lilelile na kulinganishwa: injini inaweza kuwa haijaguswa kabisa, na namba ikawa imeporomoka.

La tatu ndilo kubwa, nalo ni tofauti ya kweli na si ya vipimo. Tuichukue 450 SL. Ilipouzwa Ulaya mwaka 1973 ilikuwa na nguvu za farasi 225, yaani kilowati 165. Gari lenye jina hilohilo na ujazo uleule wa sentimita 4,520, lililouzwa Marekani mwaka 1973, lilitangazwa kuwa na farasi 190. Kufikia 1980 walibaki 160, yaani kilowati 119. Theluthi moja ya nguvu, au karibu yake, ilikuwa imetoweka. Uwiano wa mgandamizo ulipunguzwa kutoka 8.8 kwa 1 hadi 8 kwa 1, vikaongezwa vifaa vya kupunguza sumu ya moshi, na hatimaye visafishi vya moshi kwenye bomba la ekzosi. Hewa ya miji ya Marekani ilinufaika, nasi hatuoni ubaya katika hilo. Ubaya uko kwa muuzaji wa leo anayetangaza gari la Marekani la 1980 huku amenakili namba za Ulaya za 1973.

Mfano wa 380 SL ni mkali vilevile. Ulaya ilitoka na farasi 218 mwaka 1980, kisha 204 kuanzia 1981, wakati kiwanda kilipoamua kupunguza ulaji wa petroli. Marekani iliuzwa ikiwa na farasi 155. Na 500 SL, ambayo kiwanda hakikuiuza rasmi Marekani, ilikuwa na 240 mwaka 1980, ikashuka hadi 231 mwaka uliofuata, na kuanzia 1985 ikawa na 245 bila kisafishi cha moshi au 223 pamoja nacho. Hizo ni namba nne sahihi za gari moja. Muuzaji akikutajia yoyote kati ya hizo hajasema uongo, ila hajasema lolote mpaka ataje mwaka na soko.

Mnunuzi mwenye pupa huishia hapa. Lakini kwa gari la uzito wa takribani tani moja na nusu, lenye gia za kujibadilisha zilizoundwa kwa ajili ya utulivu, farasi ishirini zaidi au pungufu hawabadilishi sana raha ya safari. Herufi S na L kwa Kijerumani zinaashiria wepesi mkubwa; waliolizoea gari hili wamelipa jina la utani la kifaru, na sisi tunaona wamepatia. Mwendo wa juu uliotangazwa Ulaya ulikuwa kilomita 212 kwa saa kwa 350 SL ya gia za mkono, 215 kwa 450 SL na 225 kwa 500 SL. Tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho ni ndogo kuliko tofauti ya bei zao. Namba za nguvu zina faida nyingine: zinakuwezesha kujua kama muuzaji analijua gari lake, au kama anataka ulijue.

Gari lilitoka wapi

Ukishafahamu kwamba karatasi moja haitoshi magari yote, swali linalofuata ni namna ya kujua gari lililo mbele yako lilijengwa kwa ajili ya soko gani. Dalili za nje ni rahisi. Gari la Ulaya lina taa za mbele pana zenye kioo kimoja kila upande na bampa nyembamba; urefu wake ni takribani mita 4.38. Gari la Marekani la kuanzia 1974 lina taa za duara, mbili kila upande, na bampa nene zilizochomoza ili kutimiza sharti la kuhimili mgongano wa mwendo mdogo. Bampa hizo zinalirefusha gari hadi kupita mita 4.6. Anayepima gereji yake kwa karatasi ya Ulaya na kuletewa gari la Marekani atakuta mlango haufungi.

Lakini dalili za nje zinabadilishwa. Magari mengi yaliyorudi Ulaya kutoka Marekani yamewekewa taa na bampa za Ulaya, kwa kuwa wengi huziona za kupendeza zaidi. Mabadiliko hayo si kosa, mradi yametajwa. Yasipotajwa, mnunuzi hulipa bei ya gari la Ulaya kwa injini iliyopunguzwa nguvu. Kuna pia safari ya upande wa pili: katika miaka ya 1980 Wamarekani waliokuwa na uwezo waliagiza 500 SL kwa njia zao binafsi, kisha karakana ndogo zikayarekebisha magari hayo ili yakubalike kwa sheria za huko. Baadhi ya kazi hizo zilifanywa kwa ustadi, na nyingine kwa kukata na kuunganisha tu. Ukikuta 500 SL inauzwa Marekani, omba nyaraka za kuingizwa kwake na za marekebisho hayo.

Ushahidi usiobandikwa ni namba ya chasi. Katika magari haya, baada ya 107 hufuata tarakimu tatu zinazotaja aina: 041 ni 300 SL, 042 ni 280 SL, 043 ni 350 SL, 044 ni 450 SL, 045 ni 380 SL, 046 ni 500 SL, 047 ni 420 SL na 048 ni 560 SL. Ile 350 SL ya Marekani tuliyoitaja ilikuwa 107.044, yaani namba yake ilisema kweli hata pale jina lilipokosea. Tarakimu inayofuata hapo ina maana kubwa kwa wasomaji wa ukanda wetu: 1 ni usukani wa kushoto, na 2 ni usukani wa kulia. Kwenye namba za zamani, kabla ya utaratibu wa herufi na tarakimu 17 ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliyofuata tena ilionyesha gia: 0 kwa gia za mkono na 2 kwa gia za kujibadilisha. Namba za Ulaya za utaratibu mpya huanza na WDB kisha 107. Za Marekani huanza na WDBBA, ikifuatiwa na 45 kwa 380 SL au 48 kwa 560 SL. Kwa hiyo gari lenye taa za Ulaya, maandishi ya 500 SL, na namba inayoanza WDBBA45 lilizaliwa 380 SL kwa ajili ya Marekani, hata likipakwa rangi gani.

Hapa tuongeze tahadhari kwa waliozoea kuagiza magari kutoka Japani. Wengi wetu tunachukulia kwamba gari lililotumika Japani lina usukani wa kulia, kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi. Kwa magari ya kawaida ni kweli. Kwa magari ya fahari ya Ulaya ya enzi hizo si lazima iwe kweli: mengi yaliuzwa Japani yakiwa na usukani wa kushoto, na wanunuzi wa huko waliuona kuwa alama ya hadhi. Japani ilikuwa mojawapo ya masoko ya 560 SL, pamoja na Marekani na Australia. Picha iliyopigwa kwa mbele, paa likiwa limefunikwa, inaweza isionyeshe usukani uko wapi. Omba picha ya ndani, na usome tarakimu.

Namba ya chasi ilinganishwe mahali pote ilipo: ile iliyogongwa kwenye chuma cha bodi, ile ya kibao, na ile ya kadi ya gari. Magari ya Marekani huwa nayo pia nyuma ya kioo cha mbele, upande wa dereva. Namba ya injini nayo isomwe: 350, 380 na 420 ni za familia ya 116, 450, 500 na 560 ni za familia ya 117, 280 ni 110 na 300 ni 103. Injini iliyobadilishwa haimaanishi gari limeibwa, lakini inamaanisha mtu anakudai maelezo.

Odometa nayo isisahaulike. Gari la Marekani au Uingereza huhesabu maili. Namba 90,000 kwenye gari hilo ni takribani kilomita 145,000, na tangazo lililoandika “km 90,000” kwa gari la aina hiyo limepunguza theluthi nzima na zaidi ya matumizi yake.

Yasiyoandikwa kwenye karatasi

Karatasi ya sifa inaeleza gari lilivyotoka kiwandani. Miaka iliyopita tangu hapo haiwezi kuieleza. Kwa kizazi hiki, adui mkubwa ni kutu. Gari lisilo na paa la kudumu hutegemea sakafu na vizingiti vya milango kwa uimara wake wote, hivyo kutu katika sehemu hizo si suala la sura. Sehemu ya kutazamwa kwanza ni ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha abiria, chini ya kioo cha mbele, ambamo maji hukusanyika majani yanapoziba njia za kutokea. Kuukarabati kunahitaji kufumua dashibodi, na gharama yake yaweza kulingana na ya injini. Kisha zitazamwe sehemu za kuwekea jeki, sakafu chini ya mazulia, na kona za ndani za buti. Gari lipandishwe juu. Muuzaji anayekataa gari kupandishwa juu amekwisha kukujibu.

Paa ni mawili. La turubai hukunjwa na kulala chini ya mfuniko wa chuma nyuma ya viti, na la chuma hutolewa kwa kunyanyuliwa. Hili la pili lina uzito wa zaidi ya kilo 40, na halifai kunyanyuliwa na mtu mmoja. Magari mengi huuzwa paa la chuma likiwa limefungwa, na turubai hulala humo ndani miaka mingi bila kufunguliwa. Dai lifunguliwe mbele ya macho yako au mbele ya fundi wako. Turubai lililokunjwa likiwa na unyevu huoza, na dirisha lake la nyuma, ambalo ni la plastiki, hugeuka manjano na kupasuka kwenye mikunjo.

Kuna kasoro moja ya injini ambayo kila mnunuzi wa 380 SL anapaswa kuifahamu. Injini za miaka ya mwanzo, hususani za soko la Marekani za 1981 hadi 1983, zilikuwa na cheni ya taimingi ya safu moja. Cheni hiyo hulegea, na ikikatika au kuruka meno, vali hugongana na pistoni na injini huharibika kwa sekunde chache. Kuanzia 1984 ikawekwa cheni ya safu mbili, na magari mengi ya awali yalibadilishwa baadaye. Tangazo likisema “cheni imebadilishwa”, swali ni: imebadilishwa kuwa ipi? Cheni mpya ya safu moja haijatibu ugonjwa. Omba stakabadhi inayotaja safu mbili, au fundi aitazame kwa tochi kupitia tundu la kujazia oili.

Mfumo wa kunyunyizia petroli ni wa Bosch katika magari yote haya. Hakuna kabureta kwenye injini za silinda 8. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 ulikuwa wa aina inayofanya kazi kwa msukumo wa petroli yenyewe, nao ni wa kudumu sana mradi petroli ni safi. Maji na takataka huuziba. Gari lililokaa miaka bila kuwashwa, hata likiwa na kilomita chache, lihesabiwe kuwa linahitaji tangi kusafishwa na mipira yote ya mafuta kubadilishwa. Tangi ni la lita 90, limewekwa juu ya ekseli ya nyuma ili lisiathirike gari likigongwa kwa nyuma. Huo ulikuwa uamuzi wa busara wa wahandisi, na si wa pekee: nguzo za kioo cha mbele ziliimarishwa sana kuliko za gari lililotangulia, na taa za nyuma zilipewa mifereji ili zionekane hata zikiwa na matope.

Pamoja na hayo, gari hili lisichukuliwe kuwa na ulinzi wa magari ya leo. Breki ni za diski magurudumu yote manne, lakini mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga ulipatikana kwa hiari kuanzia 1980, na mfuko wa hewa wa dereva kuanzia 1982. “Kwa hiari” maana yake ni kwamba mnunuzi wa kwanza aliulipia, au hakuulipia. Karatasi ya jumla itautaja; gari lako laweza kuwa halina.

Tairi za magari haya kwa muda mrefu zilikuwa 205/70 za rimu ya inchi 14, na kuanzia 1985 zikawa 205/65 za rimu ya inchi 15. Gari linalotoka nje mara chache huwa na tairi zenye kashata nzuri na mpira uliokufa. Ubavuni mwa tairi soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2311 ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Alama ya tarakimu tatu ni ya kabla ya mwaka 2000, na tairi hiyo isitembee barabarani hata kilomita moja. Herufi ya mwendo iwe V, inayoruhusu kilomita 240 kwa saa, au ya juu zaidi.

Kabla ya kulipa

Kiwanda kiliandaa kadi ya takwimu kwa kila gari, yenye namba ya chasi, namba ya injini na ya giaboksi ya asili, rangi, na orodha ya vifaa vya hiari vilivyofungwa siku ile. Nakala yake hupatikana kwa mtengenezaji au kwa wakala wake aliyeidhinishwa, kwa kutumia namba ya chasi. Hiyo ndiyo karatasi ya sifa ya gari lenyewe, na si ya ndugu zake. Muuzaji makini huwa nayo tayari. Asiye nayo, mwombe namba ya chasi kamili kwa maandishi na uitafute mwenyewe. Akikupa namba iliyofichwa tarakimu za mwisho, usitume malipo ya awali.

Katika mkataba ziandikwe: aina kwa tarakimu sita, soko ambalo gari lilijengewa, upande wa usukani, namba ya injini iliyomo sasa, kipimo cha odometa kama ni maili au kilomita, na marekebisho yote yaliyofanywa kwenye taa, bampa na ekzosi. Maneno kama “halisi” na “kama jipya” yaachwe nje ya mkataba, kwa sababu hayawezi kuthibitishwa mbele ya mtu yeyote. Picha zote ulizotumiwa, pamoja na tangazo lenyewe, zihifadhiwe siku hiyohiyo, maana tangazo hufutwa gari linapouzwa, na bila hilo mlaji anayeleta malalamiko huwa hana cha kuonyesha zaidi ya gari.